Mwarobaini wa Uani

Fundi cherehani alikuwa na sare za shule zinazosubiriwa jioni hiyo hiyo, na mahali pake pa kushonea pamepasuka katikati.

Upepo wa usiku ulikuwa umeuchana mwarobaini wa uani kuanzia kwenye panda. Nusu moja imesimama wima kama vile haihusiki; nusu ya pili imeinamia choo cha wapangaji. Chini ya mti huo fundi ameshona mwaka nenda mwaka rudi. Chumbani kwake hamna dirisha, na kibarazani mama mwenye nyumba hataki kuona hata kipande cha uzi. Mti ukienda, riziki nayo imekwenda. Kwa hiyo alfajiri alishaufunga kwa mikanda ya turubai, akaivuta kwa nguvu zake zote na kuishonea hapo hapo, kama anayembana mtu mnene kwenye suruali ya zamani.

"We dada, unaushona mti?" Mama mwenye nyumba alishika kiuno. "Ukatwe! Choo kikivunjika utanijengea wewe?"

"Tumngoje bwana miti, mama. Akisema ukatwe, ukatwe."

Bwana miti wa manispaa alifika saa sita akiwa amelowa jasho, akakimbilia moja kwa moja kivulini. Akaugonga mti kwa kalamu, akatega sikio. Kisha, ili watu waone kazi, akapanda mpaka kwenye panda. Kitu kikachanika, chraaa! Wote wakaruka pembeni. Mti ulikuwa salama. Ilikuwa suruali ya afisa, kwenye mshono wa nyuma, yote.

Punde si punde afisa alikuwa ameketi kwenye ndoo, amejifunga shuka la maua la mama mwenye nyumba, na suruali iko kwenye cherehani.

"Sasa bosi," fundi akasema, "mti wetu vipi?"

"Kuukata ni marufuku. Mti mbichi huu."

"Basi tuuache."

"Kuuacha pia marufuku. Umepasuka, ni hatari kwa wananchi."

"Sasa tufanyeje?"

"Fuateni utaratibu."

Fundi akatoa mguu kwenye pedeli. Cherehani ikanyamaza.

"Hata suruali hii, bosi, naiona ina utata. Kuishona siwezi, imechanika vibaya. Kuiacha siwezi, ni ya mtu wa serikali."

Mama mwenye nyumba, ambaye tangu asubuhi hakuwa upande wa fundi, aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. Afisa akalivuta shuka lifike magotini.

"Dada yangu, hiyo mikanda imekaa vizuri. Mti utapona. Nitasema ubaki. Shona basi, nakuomba."

Akashona. Moyo ulikuwa mwepesi, na mshono akaurudia mara mbili kwa shukrani.

Lakini suruali ilipomkaa kiunoni, afisa akapata na sauti. Uamuzi si wake, alisema, ni wa mkubwa, na mkubwa yuko kwenye semina. Akatoa utepe mwekundu mkobani, akauzungushia mti na choo pamoja. Mtu asikate, mtu asikae humo ndani mpaka mkubwa aje ajionee mwenyewe.

"Na choo?" mama mwenye nyumba akauliza.

Afisa alifikiri. "Kitumike kwa uangalifu."

"Huyo mkubwa anakuja lini?" fundi akauliza.

"Akipata nafasi." Akaondoka zake, suruali imenyooka.

Fundi alibaki juani na sare mikononi. Hasira alikuwa nazo. Hofu nayo alikuwa nayo, maana kila upepo ukipita mti ulikuwa unalia kwa ndani. Akauinua utepe, akaburuta cherehani mpaka shinani, akaketi.

"We mwanamke, utaangukiwa!" mama mwenye nyumba akapiga kelele kutoka kibarazani.

"Nikiangukiwa, mama, mkubwa atakuja leo leo," alisema fundi huku akitunga uzi kwenye sindano. "Tena na gari."