Namwashia Baba

Joyness alitoka jikoni mimba imemtangulia, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika sigara ya baba yake inayowaka. Ngassa aliipokea bila kumtazama. Kiberiti kwake kilikuwa ufujaji: moto umejaa mafigani, mtoto wa kutumwa yupo, cha nini kununua njiti? Tangu binti huyu ajue kubeba kikombe bila kumwaga, kazi ya kuwasha ilikuwa yake. Hata sasa, aliporudi kwao mimba ikiwa bado changa ili ajifungue mtoto wa kwanza, aliirudia bila kuambiwa. Watu wa kijiji cha Sapiwi walimsifu Ngassa kwa malezi, naye hujibu kwamba samaki mkunje angali mbichi.

Mgeni wake jioni hiyo, Lukresia, mhudumu wa afya wa kijiji, aliitazama ile sigara akasahau chai yake.

“Baba, hiyo imewaka yenyewe?”

“Imewashwa kwenye kaa, mayu,” Ngassa alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

“Sigara ukiigusisha kaa bila kuivuta, inaungua ubavu halafu inazima. Nani kaivuta?”

Ngassa alicheka. Alipoona Lukresia hacheki, kicheko kikamkauka.

Lukresia hakuja kunywa chai. Kliniki walikuwa wamempima Joyness, wakaona mtoto tumboni haongezeki inavyotakiwa, wakamtuma afuatilie nyumbani. Muuguzi alikuwa amemuuliza Joyness kama anavuta, akakana. Lukresia alimgeukia, akamuuliza tena kwa upole.

“Mimi sivuti, dada,” Joyness alisema, ameshangaa. “Namwashia baba tu.”

Hakuwa anadanganya, na hilo ndilo lililomchoma Ngassa. Katika nyumba hii kuvuta kulikuwa jambo la wanaume. Alichofanya Joyness kiliitwa utii, na aliyekipa jina hilo ni yeye, baba mtu, aliyekuwa akimsifia mbele ya wageni. Usiku ule hakula. Aliona haya kumtazama mwanawe usoni, akaona haya zaidi kulitazama tumbo lake.

Asubuhi alitumbukiza pakiti chooni, akatangaza kwamba ameacha. Aliteseka kweli. Alikohoa, aligombana na ng'ombe, alitafuna vijiti vya mswaki mpaka fizi zikatoka damu. Lakini moyoni alijipongeza kidogo, maana aliamini kwamba kuteseka kwake ndiko kulipia kosa. Joyness naye alikuwa amebadilika. Aliunguza ugali, alifoka kwa jambo dogo, alilalamika kuumwa kichwa. Kila mara alikuja kusimama karibu naye.

“Baba, leo hunitumi?”

“Situmi, mwanangu. Nimeacha.”

Ngassa alidhani binti anamwonea huruma. Mjinga yule akampenda zaidi kwa hilo.

Alasiri moja alipita karibu na chumba walimorundika pamba ikisubiri msimu wa kuuza, akasikia harufu ya moshi. Cheche moja tu ingeteketeza jasho la mwaka mzima. Aliingia mbio, matusi yakiwa tayari mdomoni. Nyuma ya lundo alimkuta Joyness amechuchumaa kwa shida, anavuta kipisi alichookota sijui wapi, mashavu yamebonyea.

Binti alishtuka. Kisha mwili wake ukafanya ulichozoea: akapiga goti, akakinyoosha kile kipisi kwa mkono wa kuume, wa kushoto umeshika kiwiko.

“Nilikuwa nakuwashia, baba.”

“Mimi sijakutuma!”

Aliisikia sauti yake mwenyewe, sauti ya mtu anayekana mzigo wake mbele ya polisi. Joyness aliinamisha kichwa. Mkono ulibaki umenyooka, moshi ukipanda mbele ya tumbo lile.

“Nilikutuma,” Ngassa alisema. “Mwanangu, nilikutuma mimi.”

Alikichukua kipisi, akakifinya kwa vidole mpaka kikazimika. Aliungua, na hakuona kwamba kuungua huko kumepunguza chochote.

“Sasa nifanye nini, baba?” Joyness aliuliza. Aliuliza kama anayesubiri kutumwa, yuko tayari kwenda popote. “Nikiamka naitaka. Nikila naitaka. Nilidhani ni mimba.”

Ngassa alikuwa amezoea kumpangia kila kitu.

“Sijui,” alisema. “Na mimi naitaka hivi sasa. Twende kwa Lukresia, tukamweleze wote wawili.”

Akampa mkono ainuke. Joyness aliushika, wakatoka pamoja, kile kipisi kilichozimika kikiwa bado kwenye kiganja kingine cha Ngassa.