Maua Yaliyofumba Mchana

Binti aling'oa ukoka wote wa mbele ya nyumba kwa ajili ya baba yake. Mzee alilala chumba cha mbele, kifua kimembana, na mashine ya kukatia nyasi ilimnyima hata lepe la usingizi. Mtunza bustani alileta vipando vya mmea wa kienyeji unaotambaa, wenye maua madogo ya njano, akavishindilia kimoja kimoja kwa kisigino.

"Huu haukatwi, dada. Unajitandaza wenyewe. Ila maua yake mavivu, yakipata kivuli tu yanafumba."

"Kama wewe ukiona jembe," Mzee alisema dirishani. Wakacheka.

Mvua zilipokwisha, uwanja mzima ulikuwa wa njano. Ndipo binti alipoona, karibu na geti, maua yaliyofumba mchana kweupe. Hapakuwa na mti hapo, wala ukuta. Sehemu yenyewe ilikuwa nyembamba, ikapanuka mabegani, ikaishia kwenye kichwa, kama kivuli cha mtu.

Kesho yake maua ya getini yalikuwa yamechanua tena. Yaliyofumba yalikuwa mbele kidogo, upande wa dirisha.

Mtunza bustani alichuchumaa, akageuza majani. "Wadudu hakuna. Maji yapo." Akasimama, akatazama kivuli chake, kisha kile kingine. "Dada, hili mimi silijui." Siku hiyo alikusanya vifaa vyake mapema.

Kadiri kile kitu kilivyosogea, ndivyo pumzi ya Mzee ilivyozidi kuwa fupi. Binti hakutaka kuyaunganisha hayo mawili, lakini hakuweza kuacha kuyaunganisha. Kilipobakiza kidogo kufika dirishani, alichukua jembe. Aling'oa mmea wote, kuanzia ukutani hadi getini, akaingia ndani akihema.

"Umefanya nini, mama?" Mzee aliuliza.

"Nimekuondolea kile kitu, baba. Hakina pa kupita tena."

Mzee alitazama nje.

"Mwanangu, mimi nilikuwa namwona. Kila akitaka kuingia namkazia macho, namwambia bado. Anasimama." Akavuta pumzi kwa shida. "Sasa nionyeshe. Yuko wapi?"

Binti alitazama. Udongo ulikuwa mtupu, sawasawa, hadi ukutani.

Akavuta kiti, akakiweka kati ya kitanda na dirisha, akaketi, akamshika baba yake mkono. Jua lilimpiga mgongoni, likamchoma vizuri. Kisha likaacha.