Waliokaa Mgongoni

Siku ya sita baada ya upasuaji, fundi cherehani alikuwa jikoni, amejikunja kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, akisubiri maji yachemke. Kwa miaka miwili alikuwa amepungua kilo thelathini na tano, ngozi ya tumbo ikabaki inaning'inia, na daktari akaikata. Alimwonya asinyooke kwa wiki mbili, mshono usije ukafumuka. Fundi aliukagua mwenyewe kwenye kioo, nyonga hadi nyonga. Kazi safi, ila upande wa kushoto uzi ulivutwa mno.

Tumbo halikumsumbua sana. Mgongo ndio uliokuwa unawaka moto, na vidonge havikufua dafu.

Saa nne asubuhi nesi alikuja nyumbani kumtoa mrija wa kutolea majimaji ya kidonda. Alimlaza ubavu kitandani, akafunua gauni, akautazama mgongo.

"Dada, wapo watatu."

"Nani na nani?"

"Mwanamume anasoma gazeti hapa kiunoni. Mama mmoja mabegani. Na jamaa amelala katikati, na viatu vyake."

"Basi ni mume wangu, mama mkwe na shemeji. Huyo wa viatu nimemwambia mpaka nimechoka."

Nesi alieleza kwamba watu hao huwapo siku zote; mbebaji akitembea wima hawaonekani. Akaenda sebuleni, akamkuta mume na gazeti lile lile, akamwomba washuke, walau kidonda kipone. Mama mkwe aliingia chumbani kuangalia. Alijitazama alivyokaa pale mabegani, akasema hapendezi.

"Tumekaa hapo miaka kumi na miwili," mume alisema. "Hajawahi kulalamika."

"Nimelalamika," fundi alijibu kutoka chumbani.

"Lini?"

"Tulipohamia hapa. Nilipojifungua. Juzi."

Mume alifikiri. "Ya juzi naikumbuka."

Nesi aliandika kwenye kadi: kidonda kinaendelea vizuri, mgongo umejaa. Aliacha dawa ya kuchua, lakini fundi alipojaribu kuipaka alipata nafasi ya upana wa kiganja tu.

Wiki ya tatu alinyooka. Wale watatu waliyumba, wakashikana, wakatulia. Wateja walimsifu umbo, wakamuuliza jina la daktari.

Nyumbani, mama mkwe alianza kuguna. Kwa kuwa mkwewe alikuwa hana nyama tena, mifupa ilimchoma. Mume hakupenda kumwona mama yake akiteseka. Jumamosi alileta sponji nene, akaiweka kwenye meza ya cherehani.

"Mito mitatu, mke wangu," alisema kwa upole. "Midogo tu. Wangu usiwe mgumu."

Fundi alichukua tepu, akapeleka mkono nyuma hadi ulipofika, akawapima mmoja mmoja. Wa shemeji ulihitaji kuwa mrefu zaidi, maana yeye hulala. Akachora kwa chaki, akaanza kukata.