Viwavi Waliokwenda Msaragambo

Yudith alikuwa akipalilia kabichi zake huko juu Gonja, akimwomba Mungu zifike Alhamisi, alipowakuta viwavi wamejaa kwenye majani. Alhamisi ilikuwa zamu yake ya maji ya ndiva, lile bwawa la kitongoji, na kwa jua la kiangazi kile kabichi zisingesubiri zamu nyingine.

“Shikamoo, mama,” wakasema viwavi, midomo imejaa.

“Marahaba. Mkila kwangu, kesho mtakwenda msaragambo, kazi ya kitongoji kizima.”

Kesho yake waliteremka nyuma yake kwa mstari hadi kwenye ndiva, wakazoa tope na wenzao bila kumsengenya mtu, jambo lililowashinda wanakitongoji wengine. Watu wakawasifu kwa adabu zao. Mwenyekiti, mzee Melkizedeki, hakuwapo. Kama kawaida alituma koti lake, likatundikwa kwenye kijiti na kuhesabiwa limehudhuria. Waliolisema walilisema kwa sauti ya chini, maana lilikuwa karibu.

Baada ya kufanya kazi pamoja na Yudith, viwavi waliona haya kuendelea kumlia kabichi zake. Wakahamia kwa mwenyekiti, aliyepanda ukoka mbele ya nyumba yake na kuumwagilia kila siku, zamu au si zamu. Kufikia jioni uwanja ulikuwa mweupe pe. Yudith alifurahi, tena bila kuficha. Aliosha vyombo akiimba pambio.

Mwenyekiti akaitisha mkutano. Akaeleza kwa upole kwamba ukoka ule ndio sura ya kitongoji, wageni kutoka Same hupigia picha pale, kwa hiyo hasara ni ya wote. Wote wakakubali, hata viwavi, ambao hawakutaka kuonekana wakorofi ugenini. Ikaamuliwa Alhamisi uwe msaragambo wa kupanda ukoka mpya, na maji yote ya siku hiyo yaende huko.

Alhamisi Yudith alipiga magoti uwanjani kwa mwenyekiti, akifukia vipando. Viwavi walimletea kimoja kimoja, wamekibeba mdomoni, bila kumeza hata jani.

“Mama, na kabichi?” kiwavi mmoja akauliza.

“Zilikuwa zinywe leo.”

Kiwavi akampa pole, na pole yake ilitoka moyoni. Yudith akamshukuru, akamwomba asogee kidogo, maji yanakuja. Wakasimama pembeni pamoja, na maji yakapita mbele yao kwenda kwenye ukoka.