Mwalo Shambani kwa Philomena

Amos aliporudishwa nyumbani kutoka machimboni, alikuja amekaa nyuma ya baiskeli, amemshika mwendeshaji kiunoni kama mtoto anayeogopa kuanguka. Kaka yake Kornelio alikuwa anapalilia mahindi karibu na njia. Aliinua kichwa, akaona baiskeli inapita na mtu mwembamba nyuma, akamsalimia kama anavyosalimiwa mpita njia yeyote. Baiskeli ilipokata kona kuelekea nyumbani kwake ndipo jembe lilipomtoka mkononi.

Ilikuwa miaka ile dhahabu ilipopamba moto ng'ambo ya mto Mara, upande wa Tarime, na vijana wa Kenyamonta walikuwa wanavuka kwenda huko kama mchwa wanaofuata unyevu. Kabla hajavuka, Amos alikuwa mvuvi. Hakuna aliyemfundisha. Mvua zikianza, samaki aina ya ningu wakipanda mto kutoka ziwani kwenda kutaga, yeye alijua watapita wapi na saa ngapi, na kijiji kizima kilikula. Dhahabu ikamtoa mtoni. Kazi aliyoipata huko haikuwa hata ya kushuka shimoni. Alikuwa anatwanga mawe kwenye kinu cha chuma, mchana kutwa, chini ya turubai, na vumbi jeupe lilikuwa linamwingia puani bila kupiga hodi.

Hospitali walimpa dawa za kifua kikuu. Hazikusaidia. Walimpiga picha, wakamwambia Kornelio pembeni kwamba mapafu yameshika vumbi la mawe, na vumbi hilo halina dawa ya kulitoa. Kornelio aliuliza kama supu ya mbuzi ingefaa. Daktari alisema haina ubaya.

Basi akachinja mbuzi. Akachemsha mizizi aliyoelekezwa. Wanakwaya wakaja kuomba. Amos aliendelea kukaa kwenye kigoda nje ya nyumba, mabega yakipanda na kushuka, kila pumzi ikivutwa kama ndoo kutoka kisima kirefu.

Siku moja alasiri akasema, "Kaka, nataka kwenda mtoni. Nivue hata mara moja."

"Tutakwenda. Utakaa ukingoni, nitakushikia mshipi."

"Ukingoni wanavua watoto. Nataka niwe juu ya maji. Kile kiatu cha mwalimu si bado kipo?"

Kiatu kilikuwepo. Kilikuwa kitumbwi cha plastiki, chekundu, chembamba, chenye matundu mawili ya kukaa watu. Mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa anajitolea kule Issenye alikiita kayaki, na alipomaliza muda wake alimwachia Kornelio aliyekuwa anampelekea maziwa. Kwa jinsi kilivyochongoka mbele, watu wa nyumbani walikiita kiatu. Kwa muda mrefu Efrazia, mke wa Kornelio, alikuwa anakianikia maharage.

Efrazia alipopata habari hiyo hakupandisha sauti. Alikuwa anasonga ugali. "Baba Ester, mtu anayehema kwa kuazima unataka kumpandisha kwenye maji yenye mamba?"

"Una kitu kingine cha kumpa?"

Aliendelea kusonga. Baadaye alisema, "Mgonjwa haulizwi uji. Wewe umemuuliza na amejibu. Nendeni, lakini tafuteni mahali penye heri."

Kornelio hakujua kuogelea, na maji yalikuwa yanamtisha tangu utotoni. Akamwomba Odoyo amsaidie. Odoyo alikuwa Mjaluo wa Shirati, kule ziwani, aliyeoa Kenyamonta, na alikuwa anazungusha samaki wakavu vijijini kwa baiskeli. Alikizunguka kile kiatu, akakigonga kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Hiki hakitaki ukingo mrefu," alisema. "Kinataka mchanga unaoshuka taratibu. Mgonjwa akae ndani kikiwa bado nchi kavu, ndipo tukisukume. Maji yawe yamelala. Halafu tujue mtatokea wapi, maana kupanda mkondo kurudi, wewe na yeye, hamwezi."

"Kwa hiyo tunatafuta mwalo."

"Tunatafuta mwalo mzuri," Odoyo alisema.

Kwa Odoyo, kama kwa watu wote wa ziwani, mwalo ni mahali mitumbwi inaposhuka majini na samaki wanapotua. Lakini kando ya mto ule, miaka ile, neno hilo lilikuwa limepata mwenyewe mwingine. Wachimbaji nao waliita mwalo mahali wanapooshea mchanga wao kupata dhahabu. Kornelio alizijua maana zote mbili. Hakuwaza kwamba kuna haja ya kuzitenganisha.

Walianzia kwenye kivuko cha zamani, pale Amos alipokuwa anavua akiwa kijana. Walikuta mashine za kuvuta maji zinanguruma, ukingo umekatwa kama mkate, na maji yamekuwa mazito na meupe kama togwa. Hakuna ningu angepita pale. Wakateremka na mto hadi kwenye miamba, wakapata mchanga mzuri, lakini Odoyo alionyesha njia pana iliyolainika kwenye nyasi. "Huyu ni kiboko. Hapa ni mlangoni kwake." Upande wa juu, maji yalikuwa safi na yametulia, ila kule ni hifadhini, na mtu akikutwa na ndoano kule anaeleza mbele ya hakimu.

Njiani walikutana na watu. Wakulima, wachunga ng'ombe, vijana wenye sururu begani. Kila aliyeuliza wanatafuta nini, Kornelio alijibu bila hila, "Mwalo."

Mwishowe wakafika kwa Philomena. Alikuwa mjane, shamba lake la mtama lilishuka mpaka mtoni, na chini yake mto ulipinda ukaacha kidimbwi kipana ambacho maji yake hayakuwa na haraka. Mchanga ulishuka kama kiganja. Alama za kiboko hazikuwepo. Mbele kidogo palikuwa na uwazi mwingine wa kutokea. Odoyo aliingia hadi magotini, akapima kina kwa mti mrefu, akachota mchanga wa chini na kuuchambua mkononi aone kama ni tope litakalowanasa. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Ni hapa," alisema.

Philomena alikuwa amesimama juu na jembe lake. Kornelio alimweleza yote: Amos, kifua, kile kiatu. Mama yule akasikitika. Akasema Amos alimletea samaki mumewe alipokuwa hai, na kwamba wapite shambani bila wasiwasi, wasikanyage tu mtama uliotoa masuke. Wakachonga ngazi mbili tatu kwenye udongo ili kumteremshia mgonjwa, wakachomeka mti na kitambaa kuonyesha pa kuanzia, wakaenda zao. Ng'ambo, vijana wawili waliokuwa wananywesha ng'ombe walikuwa wamewatazama muda wote.

Siku zilizofuata Amos alikuwa mtu mwingine. Alifunga ndoano mwenyewe, akimaliza moja anapumzika. Alimtuma Ester, binti wa kaka yake, akachimbe minyoo kwenye mbolea. Alimfundisha Kornelio kushika kasia, wote wawili wakiwa wamekaa ndani ya kile kiatu katikati ya uwanja, kuku wakiwapisha. "Usipigane na maji, kaka. Yasukume kama unavyosukuma mlango wa mtu mwenye usingizi." Kornelio alicheka mpaka akaona aibu. Hakuwa amecheka tangu baiskeli ile ifike.

Wakaondoka asubuhi na mkokoteni wa ng'ombe, kiatu kimefungwa kwa kamba, Amos ameegemea godoro, Odoyo mbele akiongoza ng'ombe.

Walisikia kabla hawajaona. Ilikuwa sauti ya vyuma vingi vikigonga udongo, na watu wakiitana. Kornelio alidhani ni harambee ya barabara. Walipofika kwenye kilima kidogo kilicho juu ya shamba, ng'ombe wakasimama wenyewe.

Mtama haukuwepo. Pale uliposimama palikuwa na mashimo, na kila shimo lilikuwa na vichwa vya watu vinavyozama na kuibuka. Ngazi zao zilikuwa zimepanuliwa kuwa njia ya kubebea mifuko. Kwenye kidimbwi watu walikuwa wameinama na makarai, bega kwa bega, na maji yalikuwa yameanza kuwa meupe. Ule mti wenye kitambaa ulikuwa umezungushiwa kamba, na mtu mmoja alikuwa ameketi kando yake kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mwenyekiti wao, jina lake Machage.

Kornelio alimwendea akiwa na kasia mkononi. "Ndugu yangu, hapa tulipatengeneza sisi. Tulikuwa tunatafuta mahali pa kushushia mtumbwi."

Machage alimtazama kwa heshima. "Mura, kijana wetu, hakuna anayekunyima. Mgunduzi ana haki yake. Tumekuachia duara lako, shimo lako la kuchimba, pale karibu na mti. Tulikuwa tunakusubiri uje."

"Sitaki duara. Nataka kuvua samaki na mdogo wangu. Anaumwa."

"Ulipita mto mzima ukisema unatafuta mwalo. Ukapima. Ukachota mchanga, ukautazama, mwenzako akacheka. Ukaweka alama." Machage aliongea taratibu, kama anayemsaidia mtu kukumbuka. "Watu wana macho."

Kornelio alirudia maneno yake. Aliyarudia kwa Kiswahili na kwa Kikurya. Waliokuwa karibu waliacha kuchimba wakamsikiliza, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyotazamana, na mmoja akarudi shimoni akachimba kwa kasi zaidi.

Amos aliomba ashushwe. Baadhi ya wachimbaji walimfahamu kutoka ng'ambo, wakamsalimia, wakampisha. Aliomba karai. Alichota mchanga wa kidimbwi, akauzungusha polepole, akimwaga maji, akisimama kuvuta pumzi, na watu wakisubiri. Akainamisha karai jua lipige.

"Hakuna kitu," alisema. "Nimetwanga mawe miaka yote hii. Hapa hakuna kitu, jamani. Rudini makwenu."

Mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Anataka tuondoke abaki yeye." Mapigo ya sururu yakaanza tena.

Philomena alikuwa amekaa kwenye mpaka wa shamba, juu ya mafungu ya mtama aliowahi kuukata kabla haujakanyagwa. Kornelio alisimama mbele yake. Alimwambia atakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Alikwenda siku hiyo hiyo, akaambiwa kwamba watu wengi namna ile hawaondolewi na barua ya kijiji, wataondoka wenyewe watakapochoka.

Kurudi nyumbani Amos alilala chali kwenye mkokoteni. Odoyo alimwambia wangetafuta kwingine, huenda kule mto unakokaribia mabwawa. Amos alisema sawa. Efrazia alipowaona wanaingia na kiatu kikavu alisogeza sufuria motoni. Alimpikia shemeji yake samaki wa Odoyo, kwa karanga. Amos alikula kidogo, akasema hawakuwa wabaya.

Hawakupata kwingine. Kila walipopanga, kifua kilimzidi, na mwishowe hata mkokoteni hakuuweza. Mvua kubwa zilipoanza, ningu walipokuwa wanapanda, kama bado walikuwa wanapanda, Amos alifariki mchana, Kornelio akiwa amemkalisha wima kifuani pake ili apate hewa, akivuta pumzi zake mwenyewe kwa nguvu kana kwamba zingeweza kumfaa mwingine.

Wakati huo wachimbaji walikuwa wamekwisha kuondoka kwa Philomena. Hawakupata kitu. Mto ulifurika, ukaingia kwenye mashimo, ukachukua ule ukingo wote na nusu ya shamba.

Philomena alikuja msibani. Alitoa pole, akakaa na akina mama, akaimba nao. Watu walipoanza kutawanyika alimfuata Kornelio nyuma ya ghala, mahali pasipo na masikio.

"Kornelio," alisema, "mimi sina ugomvi na wewe. Shamba limekwenda, basi. Lakini niambie mimi peke yangu. Siku ile mliona nini kwenye mchanga wangu?"

"Mama, tuliona mchanga. Nakuapia kwa huyu niliyemzika leo. Tulikuwa tunatafuta mahali pa kumshushia majini."

Philomena alimtazama usoni. Kisha akamshika mkono kwa viganja vyote viwili, kama anavyoshikwa mfiwa.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Siku ukiwa tayari, utaniambia."

Akajifunga kanga vizuri, akashika njia ya kwake.