Kitambaa cha Vifungo

Simu ilisema bibi anameza dawa zake zote. Mashine ya presha ilisema bibi yu karibu kuanguka. Sasa umwamini nani? Mjukuu wake alikodoa macho. Programu ya simu hiyo, ya kuwakumbusha wazee dawa, aliitengeneza yeye, na Jumatatu hospitali ilikuwa iwagawie wazee mia nne.

“Bibi, simu inakuuliza kama umemeza. Unabonyeza ndiyo.”

“Nabonyeza, mume wangu. Inaita kwa adabu, niinyamazie? Naiitikia, naendelea na shughuli zangu.”

“Na dawa?”

“Nikizibahatisha, nameza. Macho yangu si unayajua? Kitambaa changu ulikitia kabatini mwenyewe, ukasema siku hizi tuna simu.”

Alisema bila kinyongo, na hapo ndipo palipomchoma. Mjukuu akakitoa kitambaa, ambacho hata siku ile hakukitazama. Kilikuwa na vifuko kumi na vinne, kila kimoja na kifungo chake. Akavijaza dawa, akisoma vibandiko vya chupa kimoja kimoja.

Bibi, fundi cherehani wa miaka arobaini, alifumba macho akapitisha vidole. “Cha mbao, asubuhi. Cha chuma, jioni. Mshono mmoja pembeni ni Jumatatu, miwili Jumanne, hivyo hivyo mpaka saba. Kifuko kikiwa wazi nimemeza, kikifungwa bado. Hakiniulizi kitu.”

Kijana wa watu akavipapasa vifungo mwenyewe. Miaka minne chuoni, miwili kazini, na hakuna aliyemwambia kwamba swali linaweza kujibiwa ndiyo kwa heshima tu, hata kama jibu si kweli. Na huyu mwanamke, asiyeona hata maandishi ya kopo la chumvi, alikwisha kulijua hilo kwa sindano na uzi. Alimtazama bibi yake kama mtu anayetambulishwa kwake leo.

Akampigia bosi palepale: Jumatatu haiwezekani. Bosi alifoka mpaka akachoka. Kijana akasubiri amalize, akarudia: haiwezekani.

Saa kumi na mbili jioni simu ikalia, Umemeza dawa? Mkono wa bibi ukaikimbilia. Mjukuu akaushika taratibu, akauweka juu ya kitambaa.

Vidole vikahesabu mishono, vikafika kwenye chuma, vikafungua. Bibi akameza, akanywa maji, akajifuta mdomo bila haraka. Simu ikaendelea kulia.

“Haya,” akasema, “sasa mwitikie mwenzio.”