Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Kiharusi cha kwanza kilimkuta Fundi akiwa kwenye cherehani, mguu kwenye kanyagio, anamalizia pindo la sketi ya shule. Mshono ulianza vizuri, ukanyooka, kisha ukakata kona kama mlevi na kutoka nje ya kitambaa. Sketi ile mkewe anayo hadi leo. Mwenye sketi hakurudi kuidai, na mke mkono wake ulikataa kuifumua.

Siku ya kuruhusiwa hospitali, Fundi alikuwa na mkono wa kulia unaoning'inia kama mkono wa koti, na mdomo ulioshuka upande huohuo. Nesi mmoja mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha, aliwakalisha kwenye benchi.

"Mama, nisikilize. Vidonge viwili kila asubuhi. Hiki cha presha, hiki cha kupunguza maji mwilini. Akijisikia mgonjwa, ameze. Akijisikia mzima, ameze vilevile."

"Mpaka lini, mwanangu?"

"Maisha. Kiharusi hiki cha kwanza kimempiga, kimemwacha. Cha pili huwa hakibishi hodi."

Mama Fundi, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, aliyashika maneno hayo kama mtu aliyekabidhiwa yai. Kila asubuhi alitoa kikombe cha bati cha bluu, kile chenye mkwaruzo mdomoni, akatia maji ya vuguvugu, akaweka vidonge viwili juu ya ulimi wa mumewe. Alisimama palepale mpaka aone koo linapanda na kushuka. Hapo ndipo alipochukua chaki ya kukatia nguo na kuchora mstari mmoja ukutani, nyuma ya mlango. Mistari ilianzia usawa wa kitasa, ikapanda mpaka usawa wa macho yake.

"Unanilisha kama kuku," Fundi alinung'unika, maneno yakitoka kwa kuvutana.

"Kuku anataga. Wewe unataga nini? Meza."

Fundi akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

Mwezi wa tatu walikwenda kupimwa. Nesi alitazama kipimo, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Safi kabisa, mzee. Presha imeshuka. Endelea hivyohivyo."

Njiani Fundi alisimama kupumzika, akaegemea fimbo. "Nguo ikishamkaa mtu," akasema, "mkasi unawekwa chini."

"Nguo gani tena?"

"Nasema tu."

Mkewe alidhani amekumbuka kazi. Alimwonea huruma, akamshika kwapa, wakaendelea na safari.

Cha pili kilikuja Jumanne moja asubuhi. Kweli hakikubisha hodi. Fundi alikuwa ananawa uso. Beseni likapinduka, na yeye juu yake. Mama Fundi aligeuka kutoka ukutani na chaki bado i vidoleni.

"Dawa alikuwa anatumia?" daktari aliuliza hospitalini.

"Kila siku ya Mungu. Naapa. Njoo uone ukuta wangu."

Binti yao, mwalimu wa watoto wadogo, alikuwa amefika mbio na vumbi la chaki ya shule kwenye gauni. Alingoja daktari aondoke.

"Mama, niambie mimi. Hujawahi kusahau? Hata siku moja?"

"Nisahau?"

"Watu wanazeeka, mama. Sikulaumu."

Lakini lawama ilikuwa imeshakaa kwenye benchi kati yao, imekunja nne.

Adhuhuri nesi alitaka shati la kufunguka mbele, maana mgonjwa hainuki wala hageuki. Mama Fundi akarudi nyumbani kulitafuta. Alilipata jeupe, kola nzuri, limepungua kifungo kimoja. Akashusha kopo la vifungo juu ya cherehani, kopo la zamani la maziwa ya unga. Akamwaga vifungo mapajani, akatunga uzi mara ya pili ndipo ukapita, akachukua kifungo cheupe na kukichoma sindano. Sindano ikateleza. Akachoma tena. Akakisogeza dirishani.

Hakikuwa na tundu. Kilikuwa na mstari katikati, na kingo zimelika kidogo, kama pipi iliyotemwa.

Akatafuta kingine. Na kingine. Vyenye matundu akaweka kulia, visivyo na matundu kushoto. Rundo la kushoto likawa linapanda. Ni shavu la mumewe. Lile la kulia, lisilo na hisia, ambalo punje ya wali ililala humo mpaka yeye aitoe kwa kidole. Fundi alikuwa akivisukuma vidonge humo kwa ulimi, anameza maji matupu, kisha anavitema koponi yeye akiwa hatazami.

"Hodi humu!" Alikuwa Fundi Viatu, aliyekaa baraza moja na mumewe miaka ishirini. "Shemeji, mgonjwa anaendele..." Akaliona rundo. Akavua kofia.

"Ulijua," Mama Fundi akasema.

"Alinionyesha mara moja. Nikamwambia, ndugu yangu, unacheza na moto. Akasema presha imeshashuka, nguo imeshakaa. Akasema fundi hatupi kipande, vidonge anaviweka akiba siku presha itakapopanda."

"Atajuaje imepanda? Presha ina kengele?"

Fundi Viatu aliizungusha kofia mikononi. "Si hilo tu, shemeji. Vile vya maji vilikuwa vinampeleka chooni. Mara nne kabla ya saa sita, na wa kumwinua ni wewe. Kipi ni cha maji hakukijua, akaviacha vyote. Alisema alikusikia. Ule mgongo wako."

Ni kweli, Mama Fundi alikuwa amelisema. Siku moja tu, pale kwenye kizingiti cha choo, na hakumwambia mumewe, aliuambia ukuta: "Mgongo huu mwaka huu utakatika." Alisema kama mtu anavyosema jua kali.

"Ungenijia mimi," akasema mwishowe. "Ungekuja hapa mlangoni ukaniita."

"Nilimwapia kwamba sisemi."

Akapata kifungo chenye matundu manne, akakishona, akakata uzi kwa meno. Hospitali alimkuta daktari kwenye ujia, binti yake pembeni.

"Daktari, ukuta wangu ulikuwa unadanganya. Alikuwa hamezi." Akafungua kopo.

Binti akashika mdomo. "Kwa nini, mama? Baba kwa nini?"

"Alidhani amepona."

Lile la mgongo alilimeza mwenyewe, bila maji.

Wiki ya nne walimrudisha Fundi nyumbani. Hasemi, hakai, hamnyooshei mtu kidole. Chooni hapelekwi tena; hageuki mpaka ageuzwe, na mgongo wa Mama Fundi unauma kuliko ulivyowahi kuuma. Vidonge nesi amekubali vipondwe, vitiwe kwenye kijiko cha uji mzito. Mama Fundi humlisha polepole, anangoja koo lipande na kushuka, kisha anaingiza kidole kwenye shavu la kulia, anapapasa mpaka nyuma ya meno ya mwisho.

"Nilisema tu, baba," humwambia. "Maneno ya mdomoni tu yale."

Macho ya Fundi yanatazama dari. Kama amesikia, hakuna wa kujua.

Shavu ni tupu. Amemeza. Chaki iko juu ya cherehani, na hakuna aliyeigusa.